Nukta mbili na mkwaju: kwa nini mradi mtoto haupatikani

Swali hili haliishi kwenye magrupu ya WhatsApp ya wasanidi programu hapa Nairobi. Mtu ameajiriwa Westlands au Kilimani, ameambiwa aklone msimbo wa kampuni, yaani aunakili kutoka kwenye seva hadi kompyuta yake, ameuklona vizuri, kisha anafungua folda moja ndani yake na kukuta haina kitu. Anauliza kwenye grupu. Mmoja anampa amri ya kuandika; anaiandika, na seva inamjibu kwamba repo haipatikani. Mwingine anamwambia abadilishe anwani iwe ndefu. Wa tatu anakuja mbio: hapana, irudishe ilivyokuwa, umewaharibia wenzako. Kufika jioni grupu limejaa majibu yanayopingana, na kila aliyejibu anaapa kwamba lake lilimfanyia kazi.

Na kweli lilimfanyia kazi. Majibu yote yale yanaweza kuwa sahihi, kila moja mahali pake, kwa sababu kinachobishaniwa ni anwani fupi ya mahali msimbo wa folda ile unakopatikana, na anwani fupi haina maana mpaka ujue inahesabiwa kuanzia wapi. Swali hilo, "kuanzia wapi?", ndilo watu wengi hawajiulizi.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Git ni programu ya kutunza historia ya msimbo. Linus Torvalds aliianzisha Aprili 2005 kwa ajili ya wanaotengeneza Linux. Repo ni folda ya mradi pamoja na historia yake yote. Komiti ni hatua moja iliyohifadhiwa katika historia hiyo, na kwa kawaida kila komiti hutambulika kwa mfuatano wa herufi na tarakimu 40. Remoti ni repo nyingine ambayo repo yako huwasiliana nayo, mara nyingi iliyoko kwenye seva. Ukiklona mradi, Git huipa repo ulikoutoa jina la `origin`. Shika hilo la `origin`, maana hadithi yote inalizunguka.

Sasa mradi ndani ya mradi. Chukua kampuni yenye mfumo wa mauzo, app ya wateja na tovuti. Yote mitatu inahitaji kipande kilekile cha msimbo kinachoshughulikia malipo ya M-Pesa. Kukinakili kipande hicho mara tatu ni kujitafutia taabu: hitilafu itarekebishwa kwenye mauzo, isahaulike kwenye tovuti, na mteja ndiye atakayeigundua. Kwa hiyo kipande cha malipo kinapewa repo yake, na kila mfumo unakichukua kutoka hapo. Git inauita mradi wa aina hii submoduli, na uwezo huo uliingizwa mwaka 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipozinduliwa. Hapa nitaiita repo ya nje mradi mama, na ya ndani mradi mtoto.

Dhana potofu ya kwanza ni kwamba msimbo wa mtoto unakaa ndani ya mama. La. Mama anahifadhi mambo mawili tu: nambari ya komiti ya mtoto anayoitaka, na faili moja ya maandishi, `.gitmodules`, inayosema mtoto anawekwa folda gani na anapatikana kwa anwani ipi. Faili za mtoto zenyewe hazimo. Ndiyo maana ukiklona mama kwa amri ya kawaida unapata folda tupu, na ndiyo maana anayepakua ZIP kutoka GitHub, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi repo, hapati chochote cha mtoto. Na huyo wa ZIP hana hata la kufanya baadaye, kwa kuwa ZIP haina historia wala remoti. Inabidi aanze upya kwa kuklona.

Kumpata mtoto, unaandika `git submodule update --init --recursive` ndani ya mradi mama, au unaklona tangu mwanzo kwa `git clone --recurse-submodules`. Hapo ndipo Git inapoisoma anwani iliyo kwenye `.gitmodules`, na ndipo mambo yanapoharibika.

Anwani hiyo huandikwa kwa njia mbili. Inaweza kuwa kamili, inayoanza na `https://` au `git@` na kutaja seva, akaunti na repo. Inaweza pia kuwa fupi, yaani inayoanza na nukta na mkwaju, mara nyingi hivi:

```
path = malipo
url = ../malipo.git
```

Nukta mbili na mkwaju (`../`) maana yake ni "rudi ngazi moja nyuma". Kila aliyewahi kutembea kwenye folda kwa amri ya `cd ..` anazijua, na kwa sababu anazijua anadhani hapa pia zinahesabiwa kutoka kwenye folda za kompyuta yake. Hazihesabiwi huko. Hazihesabiwi pia kutoka mahali faili ya `.gitmodules` ilipo. Zinahesabiwa kutoka kwenye anwani ya remoti ya mradi mama, yaani kule ulikomklonia mama.

Wakaazi wa Nairobi tunalijua jambo hili kwa miguu. Ukimwelekeza mgeni "shuka Adams, vuka barabara, ingia lango la pili", umemwelekeza sawasawa, ilimradi ameshuka kituo cha Adams. Akishuka kituo kingine, Prestige, na kuyafuata maneno yaleyale, atavuka barabara, ataingia lango la pili, na atakutana na mlinzi asiyemfahamu mwenyeji wake. Hakukosea kufuata. Alianzia kwingine.

Tuliangalie kwa karibu. Tuseme mradi mama umeklonwa kutoka hapa:

```
https://git.mfano.example/soko/mauzo.git
```

Git inaisoma `../malipo.git`. Kwa ile `../` inakata kipande cha mwisho cha anwani ya mama, `mauzo.git`, inabaki na `https://git.mfano.example/soko`, halafu inaongeza `malipo.git` mbele yake. Inapata:

```
https://git.mfano.example/soko/malipo.git
```

Basi. Hakuna uchawi zaidi ya huo. Kama repo ya malipo iko chini ya akaunti nyingine kwenye seva ileile, unarudi ngazi mbili: `../../fedha/malipo.git` inatoa `https://git.mfano.example/fedha/malipo.git`. Na zingatia kwamba ule mstari wa `path` haukuingia kwenye hesabu hata kidogo. Ungemweka mtoto kwenye `maktaba/nje/malipo`, folda tatu kwenda chini, anwani ingebaki `../malipo.git` vilevile. Nimeona watu wakiongeza `../` moja kwa kila folda waliyoshuka, wakidhani wanasawazisha. Wanachofanya ni kukata anwani ya seva mpaka inakosa akaunti, na wakizidisha, Git inawaambia haina tena kipande cha kukata.

Waliozoea kutengeneza kurasa za wavuti hujikwaa mahali pengine. Kwenye kivinjari, kiungo kinachoanza na `./` kinakupeleka kwenye kitu kilicho kando ya ukurasa ulio nao, kwa kuwa kivinjari kinaliondoa jina la ukurasa kabla ya kuhesabu. Git haifanyi hivyo. Inaichukulia anwani yote ya mama kama folda, kwa hiyo `./malipo.git` inatoa `https://git.mfano.example/soko/mauzo.git/malipo.git`, repo iliyo ndani ya repo, kitu ambacho huwezi kukikuta GitHub. Ukitaka kilicho kando, andika `../`. Ukiandika `malipo.git` peke yake bila nukta, `git submodule add` itakataa palepale na kukwambia anwani iwe kamili au ianze na `./` au `../`. Afadhali ikatae kuliko ikukisie.

Kwa nini basi mtu ajisumbue na anwani fupi, na anwani kamili ipo? Kwa sababu nzito mbili, na moja ndogo.

Ya kwanza ni njia ya kuingilia. Tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub haipokei nenosiri la akaunti kwa kazi za Git, kwa hiyo wasanidi wengi huingia kwa ufunguo wa SSH (faili ya siri inayomtambulisha mtu kwa seva), ilhali mashine inayojenga na kupima programu kila komiti ikisukumwa, yaani ikipelekwa kwenye seva, mara nyingi huingia kwa HTTPS na tokeni (mfuatano wa siri unaotumika badala ya nenosiri). Ukiandika anwani kamili ya `git@`, mashine itakwama kwa mtoto. Ukiandika ya `https://`, mwenye ufunguo wa SSH ataanza kuombwa jina na tokeni katikati ya kazi. Anwani fupi inamfuata mama: aliyemklonia mama kwa `git@git.mfano.example:soko/mauzo.git` atampata mtoto kwa `git@git.mfano.example:soko/malipo.git`, na aliyepitia HTTPS atampata kwa HTTPS. Faili ni ileile moja, na hakuna anayegombana na mwenzake.

Ya pili ni kuhama, na kwangu hii ndiyo kubwa. Kampuni hubadilisha seva. Hubadilisha jina la akaunti. Hutoka kwenye huduma ya wingu na kuleta msimbo kwenye seva yao wenyewe. Mkiwa na anwani kamili mtairekebisha kwenye `.gitmodules` na kudhani mmemaliza, lakini faili hiyo nayo ina historia. Kila komiti ya zamani bado inataja seva iliyokufa. Siku utakapohitaji kurudi kwenye toleo la mwaka juzi, kwa kuwa mteja fulani bado analitumia na lina hitilafu, utamklona mama, utarudi kwenye komiti ile, utamwita mtoto, na Git itaenda kubisha kwenye seva isiyokuwapo. Anwani fupi haizeeki hivyo, maana inahesabiwa kutoka remoti unayotumia leo, hata ukiwa unasoma komiti ya zamani.

Ile ndogo ni kwamba ni fupi na inasomeka. Inatosha kuitaja.

Hata hivyo kuna hatua katikati ambayo ndiyo chanzo cha "mbona kwangu inafanya kazi". Git haihesabu anwani fupi kila mara. Inaihesabu mara moja, wakati wa `init`, na jibu kamili inaliandika kwenye `.git/config` ya mradi mama, faili ambayo ni ya mashine yako peke yako na haisukumwi kwa mtu mwingine. Baada ya hapo inatumia jibu hilo. Mtoto naye akishaklonwa ana `origin` yake mwenyewe. Kwa hiyo anwani moja inakaa sehemu tatu, na unaweza kuziona zote:

```
git config -f .gitmodules submodule.malipo.url
git config submodule.malipo.url
git -C malipo remote get-url origin
```

Ya kwanza itakuonyesha `../malipo.git`. Ya pili na ya tatu zitakuonyesha anwani kamili. Kama kampuni ilihama na ya pili bado inataja seva ya zamani, umeshapata ugonjwa. Watu hubadilisha `.gitmodules`, wanasukuma, na wenzao wanabaki walipokuwa, kwa sababu `.git/config` zao hazijaguswa. Amri ya kuliponya hilo ni `git submodule sync --recursive`. Inaihesabu anwani upya na kuiandika kwenye `.git/config` na kwenye `origin` ya mtoto, kwa kila mtoto ambaye tayari amesajiliwa. Seva ikihama, mpangilio ni huu: kwanza `git remote set-url origin` pamoja na anwani mpya ya mama, kisha `sync`, kisha `update`. Ukianza na `sync` kabla ya kumhamisha mama, utakuwa umehesabu upya kutoka palepale pa zamani.

Tumfikie sasa yule kijana wa grupu la WhatsApp. Mara nyingi kisa chake ni foku. Foku ni nakala ya repo unayojitengenezea kwenye akaunti yako ili ufanyie mabadiliko kabla ya kuyapeleka kwa wenye mradi. Ametengeneza foku ya `mauzo` kwenye akaunti yake, amemklonia mama hapo, na `../malipo.git` imehesabiwa kutoka kwenye akaunti yake. Inamtafuta mtoto ambaye yeye hakumtengenezea foku. Seva inajibu haipatikani, na inasema kweli. Msimamizi wake aliyeklonia kwenye akaunti ya kampuni haoni tatizo lolote, na hapo ndipo lawama zinapoanza.

Njia ninayoiona bora ni kuklona kutoka repo ya asili, ili `origin` iwe ya kampuni, kisha kuiongeza foku yako kama remoti ya pili na kusukumia huko. Kama tayari umeklona foku, andika `git submodule init`, halafu `git config submodule.malipo.url` ukifuatisha anwani kamili ya mtoto, halafu `update`. Badiliko hilo linabaki kwenye mashine yako. Usiguse `.gitmodules` na kuisukuma. Hicho ndicho kilichomfanya yule wa tatu kuja mbio. Ukiwa na remoti kadhaa, kumbuka pia kwamba Git inahesabu kutoka kwenye remoti ambayo tawi ulilopo (mkondo mmoja wa kazi ndani ya repo) linaifuata, na inarudi kwenye `origin` tu kama tawi halifuati remoti yoyote. Ndiyo maana mtu anaweza kubadili tawi, akaandika `sync`, na anwani ikageuka mbele ya macho yake.

Kabla ya kulaumu anwani, hata hivyo, hakikisha una ruhusa. GitHub, kwa repo ya faragha usiyoruhusiwa kuiona, hujibu kwamba repo haipatikani, jibu lilelile la repo isiyokuwapo, ili mtu wa nje asijue hata kama ipo. Mwajiriwa mpya aliyepewa ruhusa ya mama akasahauliwa kwa mtoto atahangaika na nukta mchana kutwa, na dawa yake ni msimamizi kumwongeza kwenye repo ya pili.

Kisa cha flashi ni tofauti kidogo. Intaneti imekatika, mwenzako anakupa mradi kwenye flashi, unaklona kutoka humo. Sasa `origin` ni njia ya folda kwenye flashi, na `../malipo.git` inatafuta folda iliyo kando ya mama kwenye flashi hiyohiyo. Hata kama ipo, Git ya sasa itakataa na kusema usafirishaji wa `file`, yaani kuchukua repo kutoka kwenye diski, hauruhusiwi. Ulinzi huo ulikuja Oktoba 2022, toleo la 2.38.1, baada ya kugunduliwa kwamba repo iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kuvuta faili za siri za mashine yako wakati wa kuklona kutoka kwenye diski. Kama unamwamini aliyekupa flashi, unaweza kuiruhusu amri hiyo moja tu: `git -c protocol.file.allow=always submodule update --init`. Usiiweke kuwa mpangilio wa kudumu. Kinga hiyo ina sababu yake.

Vipi kuhusu mjukuu, yaani mtoto mwenye mtoto wake? Kanuni haibadiliki: anwani fupi ya mjukuu inahesabiwa kutoka remoti ya mtoto, si ya mama mkuu. Wengi hudhani kila kitu kinapimwa kutoka juu kabisa. Kama mtoto yuko kwenye akaunti ya `fedha` na mama yuko `soko`, basi `../tarehe.git` iliyo ndani ya mtoto inamaanisha `fedha/tarehe.git`.

Kwa hiyo uchague ipi? Kwangu, repo ambazo ni za timu moja, zinakaa seva moja na zitahama pamoja, zipewe anwani fupi. Repo ya watu wengine, maktaba ya chanzo huria inayokaa GitHub ilhali nyinyi mko kwenye seva yenu, ipewe anwani kamili ya `https://`, kwa sababu nyinyi mkihama yeye hahami nanyi. Mradi wa chanzo huria unaotegemea watu kuufoku ni kesi ngumu zaidi: hapo naegemea anwani kamili, kwani wachangiaji wapya ni wengi kuliko siku za kuhama, na mchangiaji anayekwama asubuhi ya kwanza mara nyingi harudi mchana. Na kama mnatumia vikundi ndani ya vikundi, jambo ambalo GitLab, huduma inayofanana na GitHub, inaliruhusu, hesabuni ngazi kwa makini. Mama akisogezwa kikundi kimoja chini, `../../` iliyokuwa sahihi jana leo inaishia kwingine.

Timu ikiamua kutoka anwani kamili kwenda fupi, amri ni `git submodule set-url malipo ../malipo.git`, iliyopo tangu toleo la 2.25 la mwaka 2020. Inabadilisha `.gitmodules` na kusawazisha mashine ya aliyeiandika. Kabla ya kuliingiza badiliko hilo kwenye tawi kuu, alisukume kwenye tawi la majaribio, na aklone tawi hilo upya kwenye folda tupu kwa `--recurse-submodules`, mara moja kwa SSH na mara moja kwa HTTPS. Folda aliyoizoea ina `.git/config` inayokumbuka mambo, na itamdanganya kwamba kila kitu ni sawa. Kisha awaandikie wenzake kwamba baada ya kuvuta mabadiliko kutoka kwenye seva, kila mmoja aandike `git submodule sync --recursive` mara moja, na anayesimamia mashine ya kujenga programu afute folda za zamani zilizohifadhiwa humo, la sivyo mashine hiyo itaendelea kwenda kwenye anwani ya zamani mpaka siku seva ya zamani itakapozimwa.